Soma Ubavu Kabla ya Kashata

Mtu akitaka kujua kama tairi la gari lake bado linafaa, karibu kila mara hufanya jambo lile lile: huinama, huchomeka ncha ya kidole kati ya kashata, na akiona kidole kimezama, huinuka ameridhika. Si kosa. Mifereji ile ndiyo inayotoa maji chini ya gurudumu wakati wa mvua, na mtengenezaji mwenyewe ameacha ndani yake vituta vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6, ili kashata zikilika hadi kulingana navyo ujue tairi limefika mwisho. Ukitaka kuviona, tafuta herufi TWI au pembetatu ndogo begani mwa tairi, kisha fuata mstari wake kuelekea katikati. Lakini kidole kinajibu swali moja tu: mpira uliobaki ni kiasi gani. Swali la pili hakiligusi, nalo ndilo zito zaidi kwa gari la mtu binafsi katika nchi za joto: mpira huo una umri gani? Hilo la pili ndilo linalostahili kuulizwa kwanza. Tairi la daladala hulika likawa kipara kabla halijazeeka. Tairi la gari la kwenda kazini na kanisani huzeeka kabla halijalika, na mwenye gari hujisifu kwamba matairi yake yanadumu.

Jibu limeandikwa ubavuni. Tafuta herufi DOT, kifupi cha Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, ambayo kanuni zake ndizo zilizoleta alama hii; tairi likitengenezwa Japani, China au India, kwa kawaida huwa nayo. Baada ya DOT hufuata msururu wa herufi na tarakimu za kiwanda na saizi, ambao haukuhusu, na mwisho kabisa tarakimu 4, mara nyingi zikiwa ndani ya umbo kama la yai. Mbili za mwanzo ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 3519 lilitoka kiwandani katika juma la 35 la mwaka 2019, yaani mwishoni mwa Agosti. Wapo wanaosoma tarakimu hizo kama mwezi na mwaka, wakifika kwenye 35 wanakwama na kuamua kwamba ni namba ya siri ya kiwanda. Si siri hata kidogo. Ukikuta tarakimu 3 tu mwishoni, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, zama ambazo tarehe iliandikwa kwa juma na tarakimu moja ya mwaka: 328 ingeweza kuwa juma la 32 la 1988 au la 1998, na utata huo ndio uliofanya mfumo ubadilishwe. Kwako wewe hakuna haja ya kukokotoa ni muongo upi. Tairi la tarakimu tatu leo limepita robo karne, na mahali pake si chini ya gari.

Kinachowakatisha tamaa wengi ni kwamba tarehe kamili huandikwa mara nyingi upande mmoja tu wa tairi. Ukiona DOT na msururu wake lakini hakuna tarakimu nne za mwisho, hazijafutwa. Ziko upande wa pili, unaotazama chini ya gari, kwa sababu fundi alipolivalisha kwenye ringi hakujali upande. Kwa magurudumu ya mbele, kata usukani hadi mwisho kisha chungulia kwa tochi. Kwa ya nyuma, subiri siku gari linapopandishwa juu kwa ajili ya oili au breki, umwombe fundi akusomee, na uziandike kwenye simu. Soma kila tairi peke yake, na la spea pia. Gari moja linaweza kuwa na matairi matano yaliyozaliwa miaka mitano tofauti, na lililo jipya kuliko yote halikukingi na lililo kuukuu. Ukikuta mahali pa tarehe pamesuguliwa kwa msasa au pamekwanguliwa, huna sababu ya kuendelea na uchunguzi; hakuna mtu anayejisumbua kufuta tarehe nzuri.

Kwa nini tarehe iwe na uzito kiasi hicho, wakati mpira unaonekana mzima? Mpira mbichi ni kitu cha kunata, nao hupata nguvu kwa kupikwa na salfa, njia aliyoigundua Mmarekani Charles Goodyear mwaka 1839. Salfa huzifunga nyuzi ndogo za mpira pamoja kama mafundo kwenye wavu. Taabu ni kwamba mapishi hayo hayakomi kabisa kiwandani. Joto na oksijeni huendelea kuyagusa mafundo yale, mengine yanakatika, mengine mapya yanafungika pasipotakiwa, na mpira unakuwa mgumu na mkavu, unapoteza uwezo wa kuvutika. Sasa kumbuka jinsi tairi la kisasa lilivyojengwa. Chini ya kashata kuna mikanda ya waya wa chuma iliyolaliana, na kinachoishika ni tabaka jembamba la mpira lililo katikati yake. Ndani ya tairi umejaza upepo wenye mgandamizo unaokaribia mara tatu ya ule wa hewa ya nje, na mgandamizo huo unaisukuma oksijeni polepole, siku baada ya siku, ipenye ukuta wa ndani hadi kwenye mpira ule unaoshika waya. Ndiyo maana tairi linazeeka kutoka ndani. Ufa wa kwanza hutokea kwenye kingo za mikanda, mahali panapokunjwa zaidi kila gurudumu linapozunguka, na ufa huo hukua kimyakimya mpaka siku moja, kwa mwendo mkubwa na jua la saa nane mchana, ganda la juu linabanduka lote na kubaki barabarani kama ngozi ya nyoka. Vipande hivyo unavyoviona kandokando ya barabara kuu si vya matairi vipara peke yake. Geuza kimoja ukitazame: vingi bado vina kashata.

Ushahidi wa jambo hili haukutoka kwa wauza matairi, ambao wangeweza kutuhumiwa kwamba wanataka tununue zaidi. Mamlaka ya usalama wa barabara kuu ya Marekani, NHTSA, katika ripoti yake ya mwaka 2007 kwa bunge la nchi hiyo, ilitumia takwimu za kampuni moja kubwa ya bima. Majimbo matano ya joto, yaani Texas, California, Louisiana, Florida na Arizona, yalikuwa na asilimia 27 ya wateja wa bima hiyo, lakini yalitoa asilimia 77 ya madai yote yaliyohusu matairi. Na katika madai hayo, asilimia 84 yalikuwa ya matairi yaliyozidi miaka 6. Soma tena tarakimu hizo ukifikiria Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Lamu, ambako hakuna msimu wa baridi unaolipa tairi pumziko. Miaka michache kabla ya hapo, Agosti 2000, kampuni ya Firestone ilirudisha matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya kashata kubanduka na magari kupinduka. Vifo 271 vilihusishwa na mkasa huo. Pale kulikuwa na kasoro ya utengenezaji, si umri peke yake, na haifai kuficha hilo. Lakini kasoro ile haikujitokeza kiwandani wala mwezi wa kwanza. Ilijitokeza baada ya tairi kutumika kwa muda, na zaidi katika majimbo ya joto, kwenye mwendo mkubwa. Nchi za Ghuba zilikuwa zimeuona ugonjwa huo kabla ya Marekani yenyewe kuukiri.

Msomaji mwenye shaka anaweza kusema kwamba majimbo ya joto ni majimbo ya barabara ndefu pia, na kwamba huenda mwendo ndio unaoua. Mwendo una sehemu yake, bila shaka. Ndiyo maana mkasa wa Uingereza una mafunzo zaidi, kwa kuwa nchi ile ni ya baridi na basi lile halikuwa la mashindano. Septemba 2012 basi lililokuwa likiwarudisha vijana kutoka tamasha la muziki kwenye kisiwa cha Wight lilipasuka tairi la mbele katika barabara ya A3, huko Surrey, likagonga mti, na watu watatu wakafa. Tairi lile lilikuwa na umri wa miaka 19, mkubwa kuliko wa basi lenyewe, na kashata zake zilikuwa bado zinakubalika kisheria. Yaani askari angelisimamisha asubuhi ile na kulipima kwa kipimo chake, angeliruhusu lipite. Mama wa mmoja wa waliokufa alifanya kampeni kwa miaka, na kuanzia Februari 1, 2021, Uingereza ilipiga marufuku matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi, na kwenye mabasi madogo. Kashata zilikuwa zimesema ndiyo; tarehe ndiyo iliyokuwa imesema hapana.

Hapa linakuja pingamizi la haki: ikiwa hata sheria ya Uingereza inataja miaka 10, na kampuni kama Michelin na Continental nazo zinataja miaka 10 kuwa kikomo, kwa nini mtu wa Afrika Mashariki atupe tairi la miaka 7? Kwanza, soma maelezo ya makampuni hayo hadi mwisho. Miaka 10 ni ukuta ambao hakuna tairi linalopaswa kuuvuka, hata kama halijatumika. Si ahadi kwamba litafika huko. Michelin inashauri kwamba baada ya miaka 5 ya matumizi tairi likaguliwe na fundi angalau mara moja kwa mwaka. Waunda magari ni wakali zaidi: Ford inataka tairi libadilishwe baada ya miaka 6 hata kama kashata zipo. Pili, kikomo cha miaka 10 kinatoka katika nchi ambako nusu ya mwaka tairi linaishi kama liko ndani ya friji. Falme za Kiarabu, ambazo zinalijua jua kama tunavyolijua sisi, zimeweka kikomo cha miaka 5. Kwa maoni yangu, gari linaloishi pwani, au linalopita mara kwa mara barabara ndefu za joto kama Chalinze hadi Segera au Voi hadi Mombasa, lishike miaka 6 tangu tarehe ya DOT na lisibishane nayo. Gari la Njombe au Limuru, linalolala kwenye banda lenye kivuli na kutembea taratibu, linaweza kufika 7 au 8 kwa kukaguliwa kila mwaka. Zaidi ya hapo ni bahati nasibu, na anayeilipia si dereva peke yake.

Pingamizi kubwa zaidi, hata hivyo, ni la mtumba, nalo halijibiwi kwa kejeli. Watu wengi wanaamini kwamba tairi la Kijapani lililotumika ni bora kuliko jipya la bei rahisi kutoka China, na imani hiyo ina chembe ya ukweli: muundo wa tairi la kampuni kubwa huwa mzuri, na likiwa bado changa linaweza kukupa huduma kuliko jipya la ovyo. Neno la kushika ni changa. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme tairi jipya ni shilingi 200,000 na la mtumba la saizi hiyo ni 90,000. Ukilitumia jipya miaka 5, umelipa 40,000 kwa mwaka. La mtumba lenye umri wa miaka 5, ukishika kikomo cha miaka 6, litakupa mwaka mmoja tu: umelipa 90,000 kwa mwaka huo. Lenye miaka 4 litakugharimu 45,000 kwa mwaka. Lenye miaka 3 ndilo linaloanza kuwa nafuu kweli, 30,000 kwa mwaka. Kwa hiyo si kwamba mtumba wote ni hasara. Ni kwamba bila kusoma tarehe hujui unanunua nini, na kwa tarehe ya zamani umaskini wako ndio unaotozwa zaidi. Tena mtumba wa miaka 3 wenye kashata nzuri unaleta swali lake: mwenyewe aliuvua kwa nini? Huenda gari liligonga, huenda tairi lilitembea bila upepo na kamba zake zimekatika ndani. Lipekue kwa ndani, kabla halijavalishwa, ukitafuta kiraka, mkunjo mweusi unaozunguka ubavu au unga wa mpira uliosagika. Muuzaji akikukataza kugusa ndani, umeshapata jibu.

Magari yanayotoka Japani yana mtego mwingine ambao haupatikani kwenye vitabu vya Ulaya. Wajapani wa mikoa ya theluji hufunga matairi ya majira ya baridi, na gari likiuzwa mnadani katika msimu huo linakuja nayo hadi bandarini. Utayatambua kwa neno STUDLESS lililochongwa ubavuni na kwa kashata zilizokatwakatwa vimistari vingi vyembamba kama mkeka. Mpira wake ni laini kwa makusudi, ili ushike kwenye barafu. Kwenye lami ya Dar es Salaam unalika haraka, unayumba gari linapokata kona, na breki zake kwenye joto hazina ukali wa tairi la kawaida. Watu huyasifu kwa sababu hayana kelele. Yavue hata kama ni machanga. Na usidanganywe na umri wa gari: Kenya inakataa gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa, lakini hakuna kinachozuia gari la miaka 7 kushuka Mombasa likiwa na tairi la spea lililotoka nalo kiwandani, halijawahi kugusa ardhi, na lina miaka 7 vilevile.

Spea hilo ndilo linalowachanganya wengi, kwa kuwa lina nywele za kiwandani bado. Kutotumika hakulilindi. NHTSA ilipokusanya matairi kutoka magari ya jiji la Phoenix, Arizona, ilikuta kwamba hata ya spea, yaliyokaa tu kwenye gari yakiwa na upepo, yalikuwa yanaharibika mpira wake. Ukikumbuka oksijeni inayosukumwa kutoka ndani, si ajabu: upepo umo, joto limo, na miaka inapita. Zaidi ya hapo, tairi linalotembea hujipaka dawa lenyewe. Ndani ya mpira kuna nta na kemikali za kuzuia ozoni ambazo hutoka nje kila tairi linapokunjwa, zikalifunika kwa utando mwembamba. Gari lililosimama miezi halipati utando huo, ndiyo maana matairi ya gari la marehemu lililoachwa uani hupasukapasuka mapema kuliko ya teksi. Spea la zamani lichukulie kama tairi la kukufikisha kwa fundi wa pancha aliye karibu, kwa mwendo mdogo, si la kumalizia safari ya Arusha. Kwa tairi jipya dukani mantiki ni hiyo hiyo ila kwa kiwango kidogo, kwa kuwa halina upepo ndani. Lililokaa mwaka mmoja kwenye ghala lenye giza na ubaridi halina tatizo. Lililokaa miaka mitatu likiwa pambo la mlango wa duka, juani, ni jipya kwa jina tu, na una haki ya kuomba lingine lenye tarehe ya karibu au kupunguziwa bei.

Baada ya tarehe ndipo macho yanaingia kazini, nayo yana kazi ya kutosha. Osha tairi kwanza, kwa sabuni na maji, uondoe ile dawa ya kung'arisha inayopakwa kwenye vituo vya kuoshea magari. Tairi linalometa kama kiatu cha gwaride huficha nyufa zote. Bonyeza ubavu uone kama kuna mistari midogo inayofunguka kama udongo mkavu, na tazama hasa chini ya mifereji na karibu na ringi. Nundu ubavuni, hata ndogo kama kokwa ya embe, maana yake kamba za ndani zimekatika na upepo umebaki kushikwa na mpira peke yake; tairi hilo haliendi popote tena. Pitisha kiganja juu ya kashata kuzunguka tairi zima. Ukihisi kilima mahali pamoja, mikanda imeanza kuachana. Dalili hiyo mara nyingi husikika kabla ya kuonekana: gari linatetemeka au linapiga tuk-tuk kwa mwendo fulani, umeshabalansi magurudumu na bado linatetemeka. Madereva wengi humaliza pesa kwenye balansi, alaimenti na shokomzoba kabla ya mtu kufikiria tairi lenyewe. Ila nyufa zikikosekana usitangaze ushindi, maana huo ufa mbaya uko ndani. Macho yana uwezo wa kulikataa tairi, kulithibitisha hayawezi.

Kuhusu upepo, kuna desturi moja inayozeesha na kupasua matairi kuliko jua, nayo inafanywa kwa nia njema. Dereva anayejiandaa kwa safari ndefu ya mchana hupunguza upepo, akisema joto likipanda upepo utavimba na tairi litapasuka. Mambo yako kinyume. Ni kweli upepo unapanda tairi likipata moto. Tairi la psi 32 asubuhi linaweza kusoma 36 au zaidi njiani, na mtengenezaji alilijua hilo alipoandika 32. Lakini tairi lenye upepo pungufu linabonyea zaidi, ubavu wake unakunjwa na kukunjuka mamia ya mara kila dakika, na kukunjwa huko ndiko kunakozaa joto kali linalolipua. Ukipunguza upepo ili kuzuia joto, umeongeza joto. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, jaza kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na usiguse tena njiani isipokuwa limepungua. Kwenye magari ya Japani kibandiko huandikwa kwa kPa. 220 ni karibu psi 32, na 240 ni karibu 35. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe ni kikomo cha juu kabisa, si maelekezo ya gari lako. Wanaouza naitrojeni wana hoja ndogo ya kweli, kwa sababu inapunguza oksijeni ndani, lakini hewa ya kawaida nayo ni naitrojeni asilimia 78, na hakuna gesi inayolifufua tairi la miaka tisa.

Mzigo nao husomwa ubavuni. Kwenye 195/65R15 91V, tarakimu 91 inamaanisha kilo 615 kwa tairi moja, na V ni mwendo usiozidi kilomita 240 kwa saa. Hiyo V haikuhusu sana; 91 inakuhusu. Gari la abiria au la mizigo kama Hiace hutakiwa kufungwa matairi ya mizigo ambayo tarakimu yake hupita 100. 107, kwa mfano, ni kilo 975. Kuna wanaofunga tairi la saluni kwa sababu limeingia kwenye ringi. Kuingia kwenye ringi ni jambo dogo, na tairi changa lililoelemewa linaweza kupasuka kabla ya zee lililobebeshwa kwa kiasi.

Matengenezo ya pancha yana mpaka wake. Tundu la msumari katikati ya kashata linazibika, na utambi wa mpira uliochomekwa kwa nje unakufikisha nyumbani vizuri. Baadaye lifunguliwe na kubandikwa kiraka kwa ndani. Tundu la begani au ubavuni halizibiki, hata fundi awe stadi vipi, kwa sababu pale hapana mkanda wa chuma wa kukishika kiraka, na pananyumbuka kila mzunguko. Kisha kuna ufundi wa kuchonga mifereji upya kwa kisu cha moto kwenye tairi kipara. Matairi fulani ya malori hutengenezwa yakiwa na unene wa ziada kwa kazi hiyo, na huandikwa hivyo ubavuni. Tairi la gari dogo halina unene huo. Kisu kinachochonga kashata pale kinakata kile kidogo kilichobaki juu ya waya, na mnunuzi anauziwa kaburi lililopakwa chokaa.

Ukipata fedha ya matairi mawili tu, fundi atakuambia uyaweke mbele, kwa kuwa ndiko kwenye usukani na injini. Mwambie ayaweke nyuma, na mazuri ya nyuma ayahamishie mbele. Magurudumu ya mbele yakipoteza mshiko gari linanyooka tu, na dereva anaweza kupunguza mwendo akalirudisha. Ya nyuma yakipoteza mshiko kwenye lami yenye maji, gari linajizungusha lenyewe, na wachache sana wana mikono ya kulikamata. Tairi likipasuka njiani, vyovyote iwavyo, usikanyage breki kwa nguvu. Shika usukani kwa mikono miwili, achia mafuta taratibu, uliache gari lipungue mwendo likiwa limenyooka, ndipo utoke pembeni.

Linabaki suala la tairi ulilolivua. Ukiliacha kwa fundi likiwa zima, lina kila nafasi ya kuoshwa, kupakwa dawa na kuuzwa kwa mwenye gari mwingine kabla ya wiki kwisha, huku kashata zake nzuri zikimshawishi. Kabla hujaondoka, mwombe msumeno wa chuma au kisu kikali, ulikate ubavu mahali pawili. Mshona katambuga atalinunua hivyohivyo lilivyokatwa, kwa kuwa yeye anataka soli, na soli haihitaji kushika upepo.